Sungura Waliambiwa

Kabla ya kumchoma sungura sindano ya sikio, alimwambia kwanza. Nilimwona kwa macho yangu, na si mara moja. Alikuwa anapiga goti nyuma ya labo, pale kwenye vibanda vya mbao, anampakata sungura, anampapasa sikio mpaka mshipa utokeze, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Pole, muzee. Minakuchoma sasa. Itauma kidogo." Ndipo anachoma. Maji ya damu ya sungura, yale yanayobaki juu damu ikiganda, ambayo wengine wanaita serumu, tuliyahitaji kwa vipimo vyetu, na yeye alikataa katakata mnyama achukuliwe damu kwa kushtukizwa. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakufundisha shule hata siku moja. Alikuwa mkubwa wa labo ya hospitali moja hapa Bukavu, vyumba viwili mwisho wa korido, dirisha moja linatazama ziwa na lingine linatazama mapipa ya taka. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo sitayagusa. Anayeyataka amuulize mwenyewe, angali hai. Mimi nitasema niliyoyaona, na nitayasema kwa hasira, maana sina namna nyingine ya kuyasema.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu figo zake zimekufa, ndugu yake anajitolea kumpa moja. Kabla hawajasafiri kwenda nchi ya mbali wanakopasua, lazima ijulikane kama miili yao itapatana. Kila mtu ana alama zake juu ya chembe nyeupe za damu, nusu kazipata kwa baba na nusu kwa mama. Kuzisoma, unahitaji maji ya damu yenye kingamwili inayoijua alama moja tu. Unadondosha tone juu ya chembe za mgonjwa, unaongeza maji ya sungura, unaweka rangi ya bluu. Chembe yenye ile alama inakufa na kunywa rangi. Isiyo nayo inabaki inang'aa chini ya darubini. Zikifa zote unaandika nane. Isipokufa hata moja unaandika moja. Labo za matajiri siku hizi zina mashine za kufanya haya. Sisi tulikuwa na darubini, sungura, na Mwalimu.

Na hizo kingamwili haziuzwi soko la Kadutu. Zinatoka kwa akina mama. Mwanamke akibeba mimba, damu ya mtoto inagusana na yake, na mwili wake unajifunza zile alama ambazo mtoto kazitoa kwa baba. Wengine wanakaa nazo miaka. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa anazunguka wodi ya wazazi kama mtu anayetafuta mchumba, anawasalimia akina mama mmoja mmoja, anawaulizia watoto kwa majina, na wao wanamnyooshea mkono wenyewe. Hakuna aliyemkatalia. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu ajione wa maana.

Kwa ukali wa kazi, hakuwa na mfano. Kuna jamaa tulifanya naye, akaandika sita mahali ambapo kweli kulikuwa na nne. Sita na nne! Nani angejua? Mwalimu alimrudisha kwenye darubini mara tatu, akamsimamisha mbele yetu, akamwambia, "Mutu mugonjwa hakukuomba umufurahishe. Alikuomba uone." Yule jamaa alilia kama mtoto. Mimi nilijisemea moyoni, huyu ndiye mtu wa kweli, hapa nitajifunza. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka shule ya ufundi, najiona nimeokota bahati.

Tena alikuwa na desturi ya kufunika namba kwa plasta kabla hatujasoma sahani, kile kibao chenye vitundu vya kupimia, tusijue ni damu ya nani. "Jicho linapenda kuona kile roho inataka," alisema. Umeme ukikatika, na hapa unakatika vile unavyotaka, alitia chupa za thamani kwenye termosi yake ya chai pamoja na barafu, akazibeba mwenyewe mpaka mahali penye jenereta. Siku ya ndoa ya binti yake alifika kanisani watu wameshatoa zawadi, kwa sababu tundu moja la sahani halikusomeka vizuri. Mke wake alinuna wiki nzima. Yeye alituhadithia akicheka, na sisi tukacheka naye, wajinga sisi.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, chupa haiandikwi jina, inaandikwa numero. Ya pili, mfanyakazi wa labo asipime kamwe damu yake mwenyewe. Ya pili hii aliirudia mpaka ikawa kama Baba Yetu. Nikamuuliza sababu siku moja, juu ya nini? Akanijibu, "Juu utajipendelea." Nikaona ni hekima. Leo najua ile kanuni ilikuwa na kazi gani.

Sasa mama yangu.

Mama anakaa kijijini Mumosho, analima maharage na ndizi. Alizaa wawili tu wakakua, kaka yangu na mimi. Baba alikufa zamani. Kaka alipanda kamio, lori la mizigo, iliyokuwa inashuka Kamanyola, kulikuwa na kazi ya mashamba ya mpunga kule bondeni, na ile kamio ikaanguka kwenye Ruzizi. Watu wanne walitolewa majini. Yeye hapana. Mama alitembea ukingo wa ule mto wiki tatu, anauliza wavuvi, anauliza wanawake wanaofua. Kwetu, ukishamzika mtu unakaa matanga, ndugu wanakuja, unalia mpaka machozi yanakwisha, halafu maisha yanaendelea kwa namna yake. Mama alikataa. "Matanga ya nani? Mumeona maiti?" Akaacha kula. Mwaka mzima nilimwona anakauka kama kuni.

Alipokuja siku moja kuniletea unga kazini, Mwalimu alimwona. Akampa kiti, akampa chai, akamwomba damu. Na maji ya damu ya mama yakawa moto. Yaliua chembe kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuona. Mwalimu alirukaruka pale labo, mzee mzima. Ila yalikuwa na kingamwili za aina mbili zimechanganyikana, na mchanganyiko hausomi alama moja. Basi akafanya lile jambo zuri kuliko yote aliyonifundisha. Alichukua damu yangu, akatenga zile chembe ndogo zinazogandisha damu ya kidonda, akazichanganya na maji ya damu ya mama. Kingamwili zinazonijua mimi zikanata kwenye chembe zangu. Akazungusha kwenye mashine, chembe zangu zikashuka chini, akamimina kile kilichobaki juu. Tuliita kuosha.

Mama akaja tena, akamweleza. "Maman, batoto wako wawili, kila mumoja alikuachia alama mu damu. Nimetoa ya huyu binti. Iliyobaki ni ya kaka yake."

Mama akaitazama ile chupa ndogo, ndogo kuliko kidole. "Ya mutoto wangu?"

"Eee, maman."

"Iko na nguvu?"

"Iko na nguvu sana."

Akaomba aishike. Mwalimu, ambaye angekufukuza kazi kwa kuacha chupa nje ya friji dakika tano, alimpa. Mama akaifunga katika viganja viwili, akaipasha moto, akafumba macho. Ile jioni alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaongeza.

Toka siku hiyo alikuja kila miezi mitatu. Anapanda pikipiki toka Mumosho na kitenge chake cha kanisani, anatoa damu, anapewa chupa anaishika. "Ingali na nguvu?" anauliza. "Ingali, maman." Na siku moja, mwaka wa pili nafikiri, akasema mwenyewe, kwa furaha, "Basi mutoto wangu angali muzima. Angekuwa amekufa, na hii ingekufa."

Nilimtazama Mwalimu. Nilingoja aseme. Mtu wa sita na nne, mtu wa "alikuomba uone." Alikuwa anaandika katika kaye yake, daftari lake la kazi. Akainua macho, akatabasamu, akamtaja Mungu kwa jina la kwetu, "Nyamuzinda ndiye anajua, maman." Akaendelea kuandika.

Na mimi nilinyamaza. Siwezi kujitoa. Nilijua vizuri kwamba nguvu ya kingamwili haisemi kama mtoto anapumua. Lakini mama alikuwa anakula. Nikajidanganya kwamba ni mambo ya mwaka mmoja, miwili, kingamwili inalala yenyewe polepole, na siku itakapolala, mama ataelewa. Mama na mimi, wote wawili tulikuwa tunangoja ile chupa iseme.

Haikulala. Miaka tisa! Kila sahani aliyonipa nisome, nane. Tukaiita dix-sept, kumi na saba kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo numero yake, na wageni kutoka labo kubwa wakiipima wanaandika barua za kutusifu. Mwalimu alizitundika ukutani. Mimi mwenyewe nilianza kuogopa kidogo. Je, kama kweli? Mtu aliyesoma kama mimi, nilikuwa naamka naota kaka yangu yuko ng'ambo, analima, amesahau njia ya nyumbani.

Nyumbani Mumosho mambo yalikuwa yanaharibika. Baba mdogo alisema tukae matanga, roho ya mtu isibaki inatangatanga. Mama akamfukuza. Viatu vya kaka vilipakwa rangi kila Jumamosi. Shamba lake likabaki bila kulimwa, mwenyewe atakuta. Nilipomwambia mama nimepata mchumba, alisema tungoje, kaka yako ndiye atakaa mbele siku ya mahari. Mchumba akangoja, akachoka, akaoa msichana wa Walungu. Sikumlaumu. Nilikuwa namtazama mama anakumbatia chupa, anaisemesha, na mimi niliye hai nimesimama pembeni na koti langu jeupe, hata hajaniuliza kama nimekula. Nilimwonea wivu mfu. Nalisema wazi, nilimwonea wivu.

Na kila mara, kabla mama hajarudi nyumbani, Mwalimu alimpa sindano ya vitamini. Juu ya mkono, chini ya ngozi. Mkono unavimba na kuwa mwekundu, mama anakuna siku mbili. "Ni vitamini inatumika, maman." Na mimi, kila wiki ile ile, nilikuwa nimeshatoa chupa moja ya damu yangu, ya kuoshea. Nilimpa mkono bila kuuliza, kama wale akina mama wa wodi.

Alistaafu mwaka jana. Tulimfanyia sherehe, nikasoma hotuba, nikalia. Alinikabidhi funguo, sungura, na zile kanuni mbili.

Halafu umeme ukakatika siku nne. Jenereta ikakataa. Nilihangaika na termosi kama yeye, nikaokoa chupa za maji ya damu, lakini zile chembe za kulinganishia tulizohifadhi kwenye baridi kali zilikufa zote. Na nilikuwa na familia moja inangoja majibu, tayari wana tiketi. Nilihitaji chembe hai za mtu yeyote ambazo hakika haziguswi na dix-sept. Nikafikiri, si zangu? Dix-sept imeoshwa na damu yangu. Haiwezi kunigusa. Nikajichoma mkono mwenyewe, nikavunja kanuni.

Nikaweka jicho kwenye darubini. Bluu. Chembe zangu zote zimekufa, hakuna hata moja inayong'aa.

Nilirudia. Nikasema nimekosea tundu. Nikarudia na chupa ya mwaka uliopita, na ya miaka mitano nyuma. Bluu, bluu, bluu. Nikakaa kwenye kile kigoda chake. Dix-sept haikuwa imeoshwa. Iliyokuwa mle haikumjua kaka yangu. Ilinijua mimi.

Kaye zake zilikuwa kwenye kabati, zimepangwa. Yule mtu hakujua kuandika uongo, ndiyo ajabu yake. Aliusema tu. Mwaka wa kwanza, mwandiko wake mzuri: dix-sept imeoshwa, nane. Miezi mitatu, sita. Miezi mitatu, mbili. Halafu moja. Moja ni hakuna. Alama ya kaka yangu ilizima mwaka ule ule wa kwanza, kimya, kama zinavyozima za watu wengi. Mstari unaofuata: "Chembe nyeupe za binti, chini ya ngozi, kwa mama." Na tarehe. Na kila tarehe ya vitamini, mstari ule ule. Kwenye orodha ya numero alikuwa amefuta alama ya kaka na kuandika yangu, ili majibu ya wagonjwa yabaki ya kweli. Alikuwa anachukua damu yangu anamchoma mama yangu, ili mwili wake uendelee kunichukia kwa nguvu. Na kuosha aliacha, maana angeniosha mimi kingebaki nini?

Sungura waliambiwa. Mama yangu hakuambiwa.

Nilipanda pikipiki mpaka Mumosho siku hiyo hiyo. Mama alikuwa anapura maharage uani. Nikamweleza yote, pale chini, maganda yanaruka. Hakunikatiza. Mwisho akauliza, "Basi ile nilikuwa napasha moto mu mikono, ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na wewe ulikuwa unasimama pale."

"Nilikuwa nasimama pale."

Akainama, akaendelea kupura. Alipura mpaka gunia zima likaisha. Halafu akasimama, akajikung'uta, akasema, "Tutakaa matanga. Enda kamuite. Yeye ndiye alikuwa ananiambia mutoto iko. Yeye ndiye ataniambia mutoto hakuna. Mu mudomo yake, mbele ya batu."

Nilimkuta kwake Nguba, barazani, anamenya chungwa. Amekonda. Akafurahi kuniona, hilo nalo lilinichoma. Nikaweka kaye mezani, imefunguliwa. Akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Juu ya nini, Mwalimu?"

"Ulisahau vile mama yako alikuwa? Alikuwa anakufa. Uliona mwenyewe vile alianza kula."

"Sema kweli."

Akakata chungwa, hakula. "Haikukuwa na serumu ingine kama ile," alisema. "Mu Kivu yote haikukuwa. Batu wangapi walipita na ile? Wewe ulisoma sahani zao, unajua." Kisha, polepole, "Zote mbili ni kweli. Sijui ipi ilikuya mbele."

"Jumamosi," nikamwambia. "Mumosho. Mama anakuita." Nikamweleza ya nini. Aligeuza uso. Sikumpa mkono wa kuaga.

Nilidhani hatakuja. Jumamosi uwanja ulikuwa umejaa, hema imefungwa, baba mdogo yuko, wajomba wako, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, viatu vya kaka viko juu ya meza pamoja na picha yake. Saa sita pikipiki ikasimama. Akashuka, suti ile ile ya siku ya kustaafu, fimbo mkononi. Watu wakamfungulia njia, hawajui kitu, wanasema ni daktari wa hospitali, apite mbele.

Mama alikuwa amekaa chini, juu ya mkeka. Mwalimu akasimama mbele yake, akaanza kwa Kifaransa. Kingamwili, kinga, taratibu za sayansi. Mama akainua mkono.

"Sema tu, papa. Vile unaambiaka sungura."

Mimi ndiye niliyekuwa nimemhadithia habari ya sungura. Alikuwa ameiweka. Mwalimu akapiga goti kwa shida, fimbo ikaanguka.

"Pole, maman," akasema. "Mutoto wako alikufa. Alama yake iliisha mwaka wa kwanza. Mi nilijua."

Mama akafungua kinywa, na kilio kikatoka, kile cha miaka yote. Wanawake wakamdaka, wakapokea, mpaka majirani wa mtaa wa pili wakaja mbio. Alilia mpaka sauti ikakatika. Nililia na mimi, kaka yangu, hatimaye.

Baadaye watu wakala. Mgeni ni mgeni, nilimpelekea sahani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alikuwa peke yake mwisho wa benchi, hakuna aliyekaa karibu naye sasa. Akaipokea. Akatazama kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ile ya kwenye vibanda:

"Dix-sept. Uliitupa?"

Nilimtazama. Nilitaka kusema niliimwaga, ningependa sana kusema hivyo. Lakini familia ya tiketi walipona mashaka yao kwa sababu yake, na wengine wawili wanangoja Jumatatu.

"Iko," nikamjibu. "Nimebandua numero. Nimeandika jina langu."